Ziwa Tanganyika: visiwa, parke, na maji ya upande wetu

Mtu wa Kivu ya Kusini akisikia neno kisiwa, mara moja anafikiri Idjwi, kule Ziwa Kivu. Akisikia parke, anafikiri Kahuzi-Biega ao Virunga. Ziwa Tanganyika haliingii katika mawazo hayo, hata kama watu wa Uvira wanaamka wakilitazama, na sisi wa Mutarule, tulio ndani kidogo kwenye Plaine ya Ruzizi, tunakula samaki wake karibu kila juma. Lakini kuko swali ambalo linarudi kila mara watu wakizungumza juu ya ziwa: mbona Burundi wana parke pale majini, Tanzania wanazo mbili, Zambia wana yao, na upande wa Kongo hatusikii kitu?

Swali hilo ni la haki, tena zaidi mtu akiangalia hesabu. Katika nchi nne zinazogawana ziwa hili, Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote: karibu asilimia 45 ya maji. Tanzania ina 41, Burundi 8, Zambia 6. Mwenye sehemu kubwa ndiye asiye na hata kipande kimoja cha maji kilichoandikwa kuwa parke ya taifa.

Tuanze na ziwa lenyewe, kwa kifupi. Lina urefu wa karibu kilometa 670 toka Uvira na Bujumbura mpaka Mpulungu kule Zambia, na upana wa wastani kama kilometa 50. Kina chake kinafika mita 1 470. Katika Afrika hakuna lingine lenye kina hicho, na duniani linapitwa tu na Baikal la Urusi. Maji yanaingia kwa mito mingi. Mto wetu Ruzizi unashuka toka Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1 460 hivi, unapita kando ya mashamba yetu na kuingia ziwani kwenye kimo cha mita 770 na zaidi. Malagarasi unatoka Tanzania. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: mto Lukuga, pale Kalemie, unaokwenda kukutana na Lualaba. Kwa hiyo maji yanayopita hapa kwetu mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki, hata kama njia ni ndefu sana.

Visiwa ni vichache, na kimoja siyo kisiwa

Ziwa hili siyo sawa na Victoria, lenye visiwa kwa mamia. Kando zake zinashuka ghafla. Ukitoka ufukoni kidogo tu, tayari uko juu ya kina kirefu. Ndiyo sababu visiwa ni vidogo, ni vya mawe, na vingi viko karibu na nchi kavu. Upande wa Tanzania kuko kikundi cha visiwa mbele ya Kipili, na Ulwile ndicho kinajulikana zaidi. Zambia wana Mutondwe, Nkumbula na Mbita, karibu na bandari ya Mpulungu.

Upande wa Kongo, kisiwa chenye historia ni Kavala, kaskazini ya Kalemie. Katika miaka ya 1880 wamisionari Waprotestanti wa London walijenga kituo chao pale, na baharia wao, Edward Hore, alikaa hapo na mke wake. Walichagua kisiwa kwa sababu mbili ambazo kila mvuvi anaelewa: upepo unafukuza mbu, na mtu anayekuja na ubaya unamwona toka mbali. Kipindi kile biashara ya watumwa ilikuwa ingali inavuka ziwa hili, toka upande wetu kwenda Ujiji.

Halafu kuko Ubwari. Hapa watu wengi wanakosea, na waliokosea wa kwanza kuandika walikuwa Wazungu. Mwaka wa 1858 Richard Burton na John Speke walipanda mitumbwi toka Ujiji, wakapita Ubwari, wakafika Uvira. Burton aliandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Siyo kisiwa. Ni ulimi mrefu wa nchi unaotoka Fizi na kuingia ziwani, na kati yake na nchi kavu kuko ghuba kubwa ambayo Baraka imekaa kando yake. Kwenye karta ghuba hiyo inaitwa mpaka leo Burton, jina la yule yule aliyekosea. Pale Uvira, Burton na Speke walitaka kujua neno moja: je, Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia? Wenyeji waliwaambia inaingia. Ilibidi kungoja mpaka mwezi wa kumi na moja 1871, Livingstone na Stanley waje kuangalia kwa macho yao, ndipo Ulaya ikaamini jambo ambalo kila mtoto wa Kavimvira alilijua. Katika safari ile ile, wakishuka upande wa magharibi, waliviona visiwa vidogo vya mawe, wakavipa jina la gazeti lililomlipa Stanley, New York Herald. Hilo jina halikushika. Sijasikia mvuvi hata mmoja analitumia.

Tusisahau pia kwamba kisiwa hapa ni kitu kinachobadilika na maji. Mwaka wa 1874 Verney Lovett Cameron aliona mlango wa Lukuga, lakini ulikuwa umezibwa na matete na udongo, na ziwa lilikuwa linapanda. Karibu na mwaka wa 1878 kizibo hicho kilikatika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita kumi. Ardhi nyingi tambarare ambayo leo tunaiita ufuko ilikuwa chini ya maji wakati ule. Wazee wanakumbuka pia mwaka wa 1964, maji yalipopanda tena. Na yale ya miaka hii hatuna haja ya kukumbushwa: mwaka wa 2024 kimo kilipita mita 776 juu ya bahari, maji yakaingia bandari ya Kalundu na mitaa ya chini ya Uvira, na Gatumba upande wa Burundi ikageuka kuwa kama visiwa, kila nyumba peke yake.

Parke tatu za jirani, na moja inayotugusa

Parke iliyo karibu nasi kabisa ni ile ya Rusizi, Burundi. Iliwekwa mwaka wa 1980 kama akiba ya mazingira. Ina sehemu mbili. Moja ni delta, pale mto unapoingia ziwani karibu na Gatumba, na tangu 2002 delta hiyo imeandikwa katika orodha ya dunia ya maeneo ya maji yanayolindwa, ile ya Ramsar. Nyingine iko juu zaidi, upande wa Gihanga, kwenye mikoche inayosimama kando ya mto. Mtu wa Kiliba akisimama ufukoni anaitazama tu. Ndani yake kuko viboko, mamba na ndege wengi. Yule mamba mkubwa anayeitwa Gustave, ambaye watu wa pande zote mbili wanamsimulia, alionekana zaidi huko.

Kiboko hana jetoni ya mpaka. Mchana anakaa majini ndani ya parke, na usiku anavuka kuja kula mihindi ya upande wetu. Hii ndiyo sababu parke ya Rusizi inatugusa: mazuri yake, watalii na mishahara ya walinzi, yanabaki Burundi, na sehemu ya hasara inavuka mto. Na ziwa lilipopanda, parke yenyewe ilifunikwa sehemu kubwa na viboko wakaanza kutembea kwenye makao ya watu.

Upande wa Tanzania, kaskazini kidogo ya Kigoma, kuko Gombe. Ni ndogo, kilometa za mraba 52 hivi, lakini ndiyo yenye jina kubwa duniani juu ya sokwe. Jane Goodall alifika pale mwezi wa saba 1960 akiwa msichana wa miaka 26, akaona sokwe anatengeneza kijiti na kukitumia kuvulia mchwa, jambo ambalo kabla yake watu walisema linafanywa na binadamu peke yake. Pakawa parke ya taifa mwaka wa 1968. Goodall alikufa mwezi wa kumi 2025. Gombe inatazamana na milima ya Fizi, na historia hizo mbili zilikutana vibaya usiku wa tarehe 19 mwezi wa tano 1975: wapiganaji wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila kilichokuwa na maskani yake Fizi, walivuka ziwa wakakamata wanafunzi wanne wa utafiti na kuwaleta upande wetu. Waliachiliwa baada ya majuma na mazungumzo mengi, lakini kwa muda mrefu wageni hawakurudi kufanya kazi Gombe. Utafiti ulibaki mikononi mwa Watanzania wa vijiji vya karibu, nao waliuendesha vizuri. Si kila mtu anajua hilo.

Kusini zaidi, karibu usawa wa Kalemie, kuko Mahale. Hapa ndipo jambo letu lenyewe. Mahale ilitangazwa kuwa parke mwaka wa 1985, baada ya Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida kufanya utafiti wa sokwe toka 1965. Ina kilometa za mraba 1 613, na mpaka wake haukomi ufukoni: unaingia ziwani kilometa 1,6, na ndani ya mstari huo kuvua ni marufuku. Zambia walifanya vile vile kwa Nsumbu, parke yao ya mwaka wa 1972 yenye karibu kilometa za mraba 2 000. Mstari huo wa maji ni mwembamba sana kwenye ziwa lenye upana wa kilometa 50. Je, unasaidia kitu?

Unasaidia, lakini siyo samaki wote. Utafiti uliochapwa mwaka wa 2013 ulilinganisha maji ya Mahale na maji ambayo hayalindwi, na ukakuta aina nyingi zaidi na samaki wengi zaidi ndani ya parke. Kuko sababu. Ziwa hili lina aina karibu 250 za samaki wa jamii ya siklidi, ile ya kuhe na tilapia, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wengi wao wanakaa kwenye mawe ya pembeni na hawahami. Kati ya rundo moja la mawe na lingine kuko mchanga ao kina, na samaki mdogo wa mawe hathubutu kuvuka. Kwa hiyo kila rundo la mawe ni kama kisiwa chini ya maji, na watu wake. Yule anayeitwa kisayansi Tropheus anabadilika rangi toka ghuba moja mpaka nyingine: wa Pemba, kusini ya Uvira, ni mweusi mwenye mshipi wa rangi ya machungwa tumboni, songa mbele kidogo, utakuta mwingine. Kuko watu Ulaya na Amerika wanaolipa pesa nzuri kumweka kwenye kioo nyumbani, na biashara hiyo inaendeshwa toka Bujumbura tangu miaka ya 1970. Ukimaliza samaki wa rundo moja, hakuna wengine watakaokuja kujaza.

Ndakala na mikebuka ni habari nyingine. Wale wanaishi katikati ya ziwa, wanatembea na hawajui mpaka. Walakini watoto wa ndakala na wa lumbu wanakaribia ufuko kukua, na hapo ndipo nyavu za kukokota na vyandarua vinawakamata wakiwa bado kama sindano. Mstari wa maji uliolindwa unawapa nafasi. Haufanyi muujiza: mwaka wa 2003 wataalam walionyesha katika gazeti la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyikani sawa na zamani, na kwa hiyo chakula cha samaki kimepunguka kwa karibu asilimia 20. Hakuna mlinzi wa parke anayeweza kusimamisha hilo. Anayesema parke peke yake itarudisha ndakala kwenye soko la Uvira, anadanganya.

Kwetu: milima imeandikwa, maji hapana

Siyo kweli kwamba upande wa Kongo hakuna kitu chochote. Juu ya milima kuko Akiba ya Itombwe, yenye kilometa za mraba zaidi ya 5 700, inayogusa Mwenga, Fizi na Uvira. Kusini yake kuko Ngandja, halafu Kabobo, ambayo jimbo la Tanganyika liliitangaza mwaka wa 2016, na miteremko yake inashuka karibu kabisa na ziwa. Lakini zote ni za msitu na nyama wa msitu. Zinapofika majini zinakoma.

Historia ya Itombwe inafaa kujulikana na kila mtu anayezungumza juu ya parke ya maji. Mwaka wa 2006 waziri alitia sahihi Kinshasa, na akiba ikazaliwa. Watu waliokuwa wakiishi ndani walisikia baadaye. Wakakasirika, na walikuwa na haki, maana mpaka ulikuwa umechorwa juu ya vijiji na mashamba. Ilibidi kurudi nyuma, kukaa na wenyeji kijiji kwa kijiji, kuchora karta pamoja nao, kutenganisha mahali pa kulindwa kabisa na mahali watu wanaendelea kulima na kuwinda kwa kipimo. Mipaka mipya ilitangazwa na jimbo mwaka wa 2016. Miaka kumi ilipotea juu ya jambo ambalo lingeanza na baraza la wazee.

Na kuhusu ziwa lililowekwa ndani ya parke, Kongo haina haja ya kwenda kusoma Zambia. Somo liko Kivu ya Kaskazini. Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, imemeza sehemu yote ya Kongo ya Ziwa Edward. Uvuvi haukukatazwa, ila ulipangwa: vijiji vitatu vya wavuvi vikakubaliwa, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, kila kimoja na hesabu ya mitumbwi. Wakati hesabu ilipoheshimiwa, samaki walikuwa wengi. Kiisha vita vikaja. Viboko wa Virunga, waliokuwa karibu 29 000 katika miaka ya 1970, walihesabiwa chini ya 1 000 mwaka wa 2005, wameuawa kwa nyama na kwa meno. Mavi ya kiboko ndiyo mbolea ya ziwa. Bila yeye, samaki wanakosa chakula. Vijiji vikajaa wakimbizi, mitumbwi bila ruhusa ikaongezeka, wenye silaha wakaanza kutoza kila mtumbwi, na leo wavuvi na walinzi wanashtakiana kila mwaka, mara nyingine kwa risasi. Kwa hiyo mvuvi wa Kalundu ao wa Makobola akisema anaogopa neno parke, hana ujinga wowote. Anajua ni nani atakayekuwa wa kwanza kukamatwa, na mara nyingi siyo mwenye silaha wala mwenye katamarani tatu.

Mimi naona, lakini haya ni maoni, kwamba hofu hiyo isitumiwe kama sababu ya kuacha mambo kama yalivyo. Maana maji yasiyo na sheria nayo yana wenyewe, na wenyewe hao ni wale wenye nyavu kubwa.

Miezi mitatu ya kufunga

Kinachofanyika sasa siyo parke ila ni kufunga ziwa kwa muda. Nchi nne zilitia sahihi mapatano juu ya ziwa tarehe 12 mwezi wa sita 2003 pale Dar es Salaam, na kutoka hapo ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Mwisho wa 2021 wakakubaliana sheria moja ya uvuvi. Ndani yake kuko ile miezi mitatu, toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, ya kuacha samaki wazae na wakue. Tanzania ilifunga upande wake wote mwaka wa 2024.

Jambo hili lina faida moja juu ya parke: linafikia ndakala na mikebuka, ambao mstari wa ufukoni hauwafikii. Lina ubaya mmoja mkubwa. Familia inayokula kwa uvuvi wa usiku haina akiba ya miezi mitatu, na mama anayenunua ndakala Uvira kuzipandisha Sange, Luberizi na Mutarule hana kazi nyingine ya kushika kwa muda huo. Tena upande mmoja ukifunga na mwingine ukivua, anayetii anapoteza mara mbili. Ndiyo malalamiko tunayoyasikia kila mara, na hayana jibu rahisi mpaka pande zote nne zifunge siku moja na kufungua siku moja.

Kuhusu kipande cha maji cha kulindwa, mahali pa kuanzia panajulikana. Toka miaka ya 1990, katika mpango wa nchi nne juu ya viumbe vya ziwa, watafiti, pamoja na wale wa kituo cha CRH cha Uvira, walitaja mawe ya Pemba na Luhanga, kwenye barabara ya Makobola. Ni mafupi, mtu anayatembea kwa miguu kabla jua halijawa kali. Pale Pemba, kama kwenye ncha ya Ubwari inayoitwa Cap Banza, maji ya moto yanatoka chini ya ziwa kupitia nyufa za mawe, kitu ambacho mahali pachache sana duniani pana nacho katika maji yasiyo ya chumvi. Wavuvi wa pale wanajua ni mawe gani kuhe anatagia na ni mwezi gani. Kwenye karta ya Leta, mawe hayo mpaka sasa ni ufuko tu.